Nguo ya Gome: Tusiisifu Bila Kuiuliza Maswali

Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Siku hizi anayesifiwa si mgema, ni gome la mti. Redio, vijana wenye simu, hata wageni wanaopita hapa kwetu, wote wanasema namna moja: nguo ya asili ni nguo safi, haichafui dunia, inatoka ku mti na inarudi mu udongo. Wanaiita nguo yenye maadili. Sisi wenyeji tunasikia raha, maana mababu wetu walivaa gome na rafia tangu zamani, na sasa ni Ulaya inayotufuata nyuma.

Mimi sipingi raha hiyo. Lakini uhakiki si kupiga makofi. Katika kurasa hizi chache nataka kupima sifa hizo kwa maswali matatu. La kwanza: mti uliotoa nguo, je, umebaki hai? La pili: mtu aliyeitengeneza, je, alifanya kwa hiari na akapata haki yake? La tatu: nguo ikichakaa, je, inaoza kweli ao inajidai tu? Mtu akijibu moja akaacha mengine mawili, hajasema kitu bado.

1. Sketi ya wachezaji

Nianze nyumbani. Katika sherehe moja ya ngoma hapa Kalemie niliona kundi la vijana likiingia uwanjani na sketi ndefu za nyuzi, nyeupe-nyeupe, zinazoruka vizuri pamoja na kiuno. Msemaji akatangaza ku mikro kwamba hayo ndiyo mavazi ya mababu, yaliyotoka mu pori letu. Akina mama wakapiga vigelegele. Ngoma ilikuwa nzuri, sikatai. Walipomaliza kucheza, nyuzi kadhaa zilibaki chini. Niliokota mmoja nikauvuta, haukukatika. Ulikuwa uzi wa mfuko, ile mifuko ya plastiki ya mchele na unga, iliyochanwa pole pole mpaka ikawa laini sawa rafia. Ku uzi ule alama ya wino wa bluu ilikuwa inaonekana bado.

Vijana siwalaumu. Mfuko mtupu unapatikana karibu na kila duka kwa falanga kidogo. Rafia inataka mtu aende mbali, akate jani changa kabla halijafunguka, avue ngozi yake nyembamba, aianike, aichane nyuzi kwa nyuzi. Hiyo ni kazi ya siku nyingi. Lakini msemaji alikosa. Alipoipa plastiki jina la mababu, aliwafundisha watoto waliokaa mbele kwamba rafia ni kitu kile. Kesho ukiwaletea rafia ya kweli, watasema ni mbovu, maana inakatika.

Na uzi ule hauozi. Mvua ikinyesha unaingia mu mfereji, mfereji unaingia mu ziwa. Ziwa letu la Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutokea, nao ni Lukuga hii hii inayopita mu mji wetu. Kinachoingia mu ziwa hakina haraka ya kutoka. Ni kweli Serikali ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017. Lakini maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024 hata yakaingia mu nyumba za watu, kisha yakarudi nyuma, yalituachia nini pwani? Chupa, mifuko, na matambara ya mashati na masuruali ambayo hata matope hayakuyala. Watu wanasema plastiki wakifikiri chupa tu. Shati la polyester nalo ni plastiki, ila limefumwa.

2. Kabla ya kikwembe

Sasa tuulize: kabla ya kikwembe watu walivaa nini? Burton na Speke walipofika Ujiji, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1858, walikuta watu wengi wa pwani za ziwa wakivaa ngozi na mbugu, ndiyo nguo ya gome. Upande wetu wa magharibi, Manyema, watu walifuma majani ya rafia wakapata viramba. Kiramba kilikuwa nguo, na tena kilikuwa makuta: watu walinunua na kulipa nacho. Kasai mpaka leo Bakuba wanafuma rafia, wanaume kwa kufuma na wanawake kwa kutia nakshi, na mtu wao mkubwa akifa anazikwa na nguo hizo. Ituri, Bambuti wanapiga gome kwa nyundo ya pembe ya tembo, halafu wanawake wanalichora kwa rangi za mimea na makaa.

Kisha misafara kutoka Unguja ikaleta kaniki ya Uhindi na merikani. Jina la merikani linajieleza lenyewe: nguo ile ilifumwa Marekani, mu viwanda vya Massachusetts, ikavuka bahari, ikabebwa kichwani mpaka hapa. Chifu aliyevaa merikani alionekana mkubwa kuliko jirani yake mwenye gome. Hapo msomaji aone vizuri: gome halikushindwa juu ya ubaya wake. Lilishindwa na cheo. Nguo ngeni ikawa alama ya mtu aliyefika, na gome likabakia alama ya mtu aliyekosa. Leo sifa zinakuja tena kutoka kule kule alama ile ilikotoka. Ndiyo maana nasema tuchunguze kabla ya kushangilia, maana mara ya kwanza hatukuchunguza.

3. Mti unaobaki na mti unaokufa

Swali la kwanza linahusu mti. Mfano unaotajwa sana ni wa Buganda, na kwa haki. Kule kuna mti wa jamii ya mkuyu unaoitwa mutuba. Wakati wa mvua fundi anaparua ngozi ya juu ya shina, anachana gome kutoka juu mpaka chini, analivua mzima kama unavyovua koti. Halafu, na hii ndiyo akili yenyewe, analifunga shina kwa majani ya mgomba. Chini ya majani yale mti unaota gome jipya. Mwaka unaofuata anaweza kuvuna tena, na mti mmoja unaweza kutoa nguo kwa miaka kama 40. Gome linalainishwa kwa moto ao maji ya moto, linapigwa chini ya banda lisikauke mbio, kwa nyundo za mbao zenye mifereji, ya mifereji mikubwa kwanza na ya midogo mwishoni, mpaka kipande chembamba kinapanuka mara nyingi zaidi. Likianikwa juani linapata rangi ya udongo mwekundu. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa moja ya kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ikaingia mu orodha yake ya urithi.

Ku swali la kwanza mutuba anapita bila shida. Lakini wasemaji wetu wanafanya kosa hapa. Wanachukua sifa ya mutuba wanaivisha kila gome. Mapori yetu ya upande huu sana sana ni ya miombo. Watu wa miombo wanajua gome: wanalitoa juu ya kamba, juu ya mizinga ya nyuki, na zamani juu ya nguo pia. Ukizungusha kisu ukavua gome la muyombo shina zima, mti ule unakufa. Chakula cha mti kinashuka kutoka majani mpaka mizizi kwa njia ya gome la ndani. Ukikata njia pande zote, mizizi inalala njaa. Hakuna jani la mgomba litakaloufufua.

Kwa hiyo maneno «nguo ya gome» peke yake hayatoshi. Gome la mti gani? Lilivuliwa namna gani? Nani alirudi kuufunga ule mti? Maadili hayako mu gome, yako mu mkono wa fundi anayerudi na majani yake. Fundi asiyerudi ni sawa na mtega samaki anayevua hata vitoto vya ndagala: vyote ni vya asili, na vyote vitaisha.

4. Pamba nayo ni mmea

Swali la pili linahusu mtu. Mara nyingi ninasikia: tuache nailoni, turudi ku pamba, pamba ni ya asili na inaoza. Kuoza inaoza kweli. Lakini sisi wa Kongo, kabla ya kuita pamba nguo ya maadili, tukumbuke ilivyoingia.

Tangu mwaka 1917 Wabelgiji waliwalazimisha watu wa vijiji kulima mazao waliyoyataka wao, na pamba ilikuwa ya mbele. Kuanzia 1921 kila kampuni ilipewa eneo lake, mkulima hakuwa na ruhusa ya kumuuzia mwingine, na bei haikuwa mu mikono yake. Sheria ya 1933 iliweka siku 60 kwa mwaka za kazi ya lazima. Mwaka 1942, wakati wa vita vya dunia, zikaongezwa mpaka 120. Asiyelima alilipa faini, alifungwa, ao alionja fimbo. Wazee waliotulea hawakusema «tulilima pamba». Walisema «tulilimishwa pamba». Herufi nne zimeongezeka mu kitenzi, na ndani yake mna historia nzima.

Kisha mji huu, ulipokuwa ungali Albertville, ukapata kiwanda chake cha kusokota na kufuma, Filtisaf. Familia nyingi za Kalemie ziliishi kwa mshahara wa kiwanda kile, na siandiki kwa kuwadharau. Kufungwa kwake ni jeraha ambalo mji haujapona. Lakini mtu akiniuliza kama kikwembe cha pamba kilikuwa nguo ya maadili, nitajibu: nitajie kwanza mwaka, na unitajie nani alilima.

Hata gome tuliulize swali hili. Masimulizi ya Buganda yenyewe yanasema kwamba Kabaka Semakokiro, mwishoni mwa karne ya 18, aliamuru watu wapande mituba na kutengeneza nguo. Basi hata kule kulikuwa na amri ya mkubwa. Mti ulikuwa huru kuliko mpigaji. Asili ya kitu haisafishi namna kilivyopatikana: rafia ya kulazimishwa ni rafia, na ni dhuluma.

5. Nguo zinazooteshwa ku ndoo

Swali la tatu linahusu mwisho wa nguo, na hapa tutoke kidogo Afrika. Huko London tangu mwaka 2003 fundi wa mitindo anayeitwa Suzanne Lee alianza kuotesha nguo. Alichukua chai, sukari, hamira na bakteria, akaviacha mu beseni wiki mbili tatu. Juu ya maji inaota ngozi nzito. Ukiikausha unaweza kuikata na kushona koti. Wanafunzi wangu walicheka nilipowaeleza, mpaka mmoja akasema: «Mwalimu, ni sawa vile utando wa juu ya uji!» Alikuwa amefahamu kabisa.

Nampenda fundi huyu kwa kitu kimoja: alisema ukweli. Mu hotuba yake ya mwaka 2011 alikubali mbele ya watu wote kwamba nguo ile ikipata mvua inavimba na kuachana. Hiyo ndiyo fundo la mambo yote haya. Kitu kinachoweza kurudi mu udongo, maji yanakiweza. Ukitaka kiyashinde maji, utakipaka kitu kingine, na mara nyingi kitu kile ni plastiki. Tazama Piñatex, ngozi ya majani ya nanasi aliyoibuni Carmen Hijosa: majani ni ya asili, lakini juu yake kuna mpako ulio na asili ya petroli, na watengenezaji wenyewe wanakubali kwamba haiozi yote. Nguo nyingi zinazouzwa kwa jina la mwanzi nazo, mwanzi wake umeyeyushwa kwa dawa kali zinazodhuru neva za wafanyakazi, halafu ukageuzwa nyuzi. Mu tangazo utaona picha ya mwanzi wa kijani. Dawa haipigwi picha.

Mimi mwenyewe ninayeandika haya nimevaa shati la friperi. Ku lebo wameandika polyester 65, pamba 35. Nikilizika, pamba itaoza na polyester itabaki imesimama sawa mifupa. Basi sihukumu mtu. Ninasema tu kwamba neno «asili» limekuwa kama mpako: linapakwa juu ili tusione cha chini.

6. Swali la nne

Nilidhani maswali yangu matatu yanatosha. Mwaka mmoja nilileta kipande cha gome la Uganda mu mazungumzo yetu ya chama, kikapita mkono kwa mkono. Vijana walikinusa, walikipiga picha, wakasema kinafaa koti la arusi. Kikafika kwa mama mmoja mzee aliyekaa karibu na mlango. Hakukinusa. Alikiweka ku magoti akanyamaza. Halafu akasema:

«Mwalimu, munasifu hii nguo juu hamukuivaa. Sisi wakati wa vita ya 1964 tulikimbia mu pori, vikwembe vikaisha, tukavaa gome. Mvua ikinyesha inakuwa mzito sawa mtoto mgonjwa. Inapasuka, na unabaki uchi mbele ya wakwe zako. Hatukuivaa kwa kupenda. Tuliivaa kwa kukosa.»

Watu walinyamaza. Kijana mmoja alitaka kumjibu kwamba gome la Buganda ni la fundi, si lile la kuvua mbio mbio ukikimbia risasi. Alikuwa na haki, na hata hivyo nafurahi hakusema. Mama yule alikuwa amenipa swali la nne, ambalo ningepaswa kulianza nalo: mtu anayeivaa, je, anabaki na heshima yake?

Maana nguo, kwetu, kwanza ni kusitiri. Maandishi mengi yanayosifu nguo zinazooza yanahesabu mti, yanahesabu maji, mara chache yanahesabu mfanyakazi, na mvaaji yanamsahau kabisa. Yanaandikwa na watu wenye kabati lililojaa, wanaoweza kuvaa gome siku moja ya picha na kulivua jioni. Kule Buganda gome lilibaki na heshima kwa sababu Kabaka mwenyewe analivaa siku ya kutawazwa, kama ilivyoonekana mwaka 1993, na kwa sababu wafu wanafungwa ndani yake. Lilikuwa nguo ya juu kabisa na ya mwisho kabisa. Jose Hendo, fundi mzaliwa wa Uganda anayeshona London, akitumia gome anashika heshima iliyokuwako tayari. Sisi hapa gome letu la karibuni ni la kukimbia. Hatuwezi kukopa heshima ya jirani na kuwavisha wazee wetu kwa nguvu.

Mwisho

Je, tuache? Hapana. Ninaloomba ni tuseme ukweli, kisha tufanye kazi. Makundi ya ngoma yakikosa rafia, msemaji aseme: «Leo tumevaa mifuko, juu rafia imetushinda.» Watu watacheka, lakini mtoto atajua tofauti, na pengine atauliza rafia inapatikana fasi gani. Chama chetu kikitaka kufundisha gome, kianze na kupanda miti ya jamii ya mutuba leo, kingoje miaka, kijifunze kufunga shina kabla ya kujifunza kuvua. Kikiingia mu miombo na kisu kitakuwa kimeharibu jina lake siku ya kwanza. Fundi atakayekuja kutufundisha alipwe, asipewe tu makofi na chupa ya Simba. Na mama mzee wa karibu na mlango aandikwe, kwa maneno yake, kabla hajatuacha, maana anajua kitu kuhusu nguo ile ambacho UNESCO haikiandiki.

Kile kipande cha gome ninacho bado mu meza yangu ya darasani. Nikikigawa kwa wanafunzi ninawapa maswali manne, si matatu. La nne wanalijibu polepole kuliko yote.